Kudaiwa kodi si ruhusa ya kumfungia mtu mlango. Wenye nyumba, andikeni notisi!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Nyumba ninayopanga ni hizi za uswahilini hapa Dar: korido katikati, vyumba huku na huku, choo cha pamoja, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja. Chumba cha mbele anakaa mama mmoja anayepikia mafundi kwenye eneo la ujenzi. Ujenzi ukasimama, mafundi wakatawanyika, kodi ikapitiliza wiki mbili. Wiki mbili tu! Jana jioni karudi na wanawe akakuta kufuli jipya limepigwa juu ya la kwake. Ndani kuna sare za shule, madaftari, dawa za presha za bibi yao, na yale masufuria ambayo ndiyo anayotafutia hiyo kodi. Umemfungia mtu masufuria, halafu unamwambia alete hela. Azitoe wapi?

Tukampigia simu baba mwenye nyumba. Jibu lake: "Notisi nilishampa." Notisi yenyewe ni ujumbe wa sauti aliourusha usiku kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, kamtaja mama wa watu kwa jina mbele yetu sote, eti kuna watu wanataka kuishi bure. Hakusema anadai shilingi ngapi, za mwezi gani, wala mwisho wa kulipa ni lini. Hiyo ni kumdhalilisha mtu mzima mbele ya majirani na watoto wake. Notisi haiko hivyo.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima inayohusu upangaji, na suala la kodi iliyochelewa limo. Kodi ikishakaa siku 30 baada ya tarehe yake bila kulipwa, hapo ndipo mwenye nyumba anaweza kumpa mpangaji notisi kwamba anakusudia kuvunja upangaji. Na notisi hiyo lazima imweleze mpangaji amekosa nini, alipe kiasi gani ili kosa limalizike, na kwamba ana haki ya kwenda kuomba nafuu mbele ya chombo cha sheria. Soma tena hapo: hata notisi ya kumtoa bado muda wake haujafika, achilia mbali kufuli! Na kama mnakaa kwa kulipana mwezi kwa mwezi na unataka tu chumba chako, notisi ya kumaliza upangaji haipungui kipindi chenyewe, yaani mwezi.

Wengine mtasema sheria za wapangaji zilishakufa. Iliyofutwa mwaka 2005 ni ile ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria ya Ardhi ipo na inafanya kazi.

Tuseme pia ukweli kuhusu hizi kodi zinavyochelewa. Mtu kipato chake ni cha siku, au mshahara wa mwezi, halafu anadaiwa miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha laki moja, unatakiwa utoe laki sita mara moja, na ulipoingia dalali alichukua ya mwezi mzima juu yake. Ukilipa, risiti hupewi. Ukiuliza mkataba, unaonekana mkorofi. Ukichelewa kidogo, ghafla kila kitu kina kumbukumbu. Na kuna hili la kodi ya jengo: tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na siku hizi ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni sisi. Wangapi mmewahi kurudishiwa, au kupunguziwa kwenye pango? Mimi sijaona. Basi anayekuja kudai wiki mbili aje na hesabu kamili, pamoja na zile anazodaiwa yeye.

Najua wapo wapangaji wanaokaa miezi mitano bila kulipa kisha wanahama usiku, na najua kuna wastaafu na wajane wanaoishi kwa vyumba viwili vitatu hivyo. Wana haki ya kupata chao. Ndiyo maana nasema andikeni! Karatasi inamlinda mwenye nyumba kuliko kufuli. Tarehe ikikaribia, mpigie mtu simu kwa adabu. Ikipita, mwandikie barua: jina lake, chumba, anadaiwa kiasi gani, cha kuanzia lini hadi lini, alipe kabla ya tarehe fulani, na kama anataka kulipa kwa mafungu aje mzungumze. Mpe mkononi, asaini nakala. Akikataa, mjumbe ashuhudie. Mkifikia makubaliano yaandikwe na wote mtie saini. Akishindwa kabisa, unaye mtu wa kumpeleka mbele na ushahidi unao. Na mkataba wenu uwe umelipiwa ushuru wa stempu, maana bila huo hautapokelewa kama ushahidi.

Ngazi zipo. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Wasipowapatanisha ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Likiamua mpangaji atoke na akagoma, anayetoa vyombo ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Siyo vijana wa kijiweni waliopewa elfu kumi kung'oa mlango, na siyo kuzima umeme wa chumba kimoja mpaka mtoto asomee tochi ya simu.

Kilichoniuma zaidi ni mjumbe wetu. Tumemfuata usiku ule ule, anatuambia, "Mchangieni alipe, yaishe." Tungeweza kuchanga, lakini mwezi ujao atafungiwa mwingine. Nilimwambia wazi: kazi yako ni kumwita mwenye nyumba aje afungue, deni lizungumzwe mlango ukiwa wazi. Akasema yeye haingilii mali ya mtu. Je, vitu vilivyomo ndani si mali ya mtu?

Mama na watoto wamelala chumbani kwa jirani. Dawa za bibi tumenunua nyingine. Asubuhi hii wapangaji tunakwenda pamoja kwa mtendaji wa kata, na barua tumeshaandika. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kufunguliwa mlango kupitia kata, atueleze aliambatanisha nini na ilichukua muda gani. Wenye nyumba mliomo humu nanyi njooni mjibu: barua moja ya nusu ukurasa inawashinda nini?