Tupeane uzoefu: boti ikizama au ugonjwa ukilipuka Kigoma, habari itoke vipi bila kuumiza watu?

Deski la Zamu, Kigoma Mjini
Wakuu, habari za kazi. Kwenye majanga, saa ya kwanza ndiyo inayoharibu: idadi ya kukisia, picha ya maiti, jina la marehemu kabla ndugu hawajaambiwa. Watu wa redio, wa blogu, maadmini wa magrupu ya WhatsApp, wekeni hapa mnavyofanya, hatua kwa hatua. Lawama za jumla tumeshazisikia.

Mwalo wa Kibirizi
Idadi kwanza. Usichukue orodha ya abiria, ukatoa waliookolewa, ukatangaza kwamba waliobaki wamekufa. Boti za mwambao huu hupakia njiani, mwalo hadi mwalo (maegesho ya boti ufukweni), na mtoto anayepakatwa haandikwi popote. Wengine wameandikwa na hawakusafiri. Toa namba mbili, kila moja peke yake: waliookolewa, na miili iliyopatikana. Kila namba iende na aliyeitoa na saa aliyoitoa. Namba ya saa 10 jioni ikibadilika saa 1 usiku, msikilizaji ataelewa. Ukiitoa bila saa, atadhani mnaficha.

MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Idadi ya vifo ilianza kwa makumi ikaishia zaidi ya 220, na siku mbili baada ya ajali fundi mitambo akatolewa akiwa hai. Ndiyo maana maneno "hakuna tena aliye hai" hayasemwi na mtangazaji. Yanasubiri wanaoongoza uokoaji.

Dada wa Kasulu
Asante kaka wa Kibirizi. Kwenye picha, kuziba uso hakutoshi. Kanga iliyofunika mwili, sare ya shule, viatu, hata jina lililochorwa ubavuni mwa boti: ndugu wanatambua. Kwenye video zima na sauti, maana mama akimwita mtoto wake kwa jina, umeshamtangaza marehemu.

Msizibe kwa ile kalamu ya simu ya kupaka. Rangi yake hupitisha mwanga. Mtu akiongeza mwangaza, sura inarudi. Weka boksi jeusi, piga skrinishoti, tuma hiyo skrinishoti. Pia picha inayotumwa WhatsApp kama dokumenti inaweza kubeba mahali ilipopigwa, na hilo ni hatari sana kwa mabweni wanakohifadhiwa watoto wenye ualbino. Na habari za mashambulizi dhidi yao zisitaje kamwe "bei" ya kiungo. Bei hiyo haina shahidi, na ikishasomwa hewani inamshawishi mwenye tamaa. Hili naomba lisiwe na mjadala.

Muuguzi, Uvinza
Kipindupindu. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walibanana kijiji cha Kagunga, kati ya Ziwa Tanganyika na milima, wakawa wanavushwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma kisha kambi ya Nyarugusu. Hadi Mei 22, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitaja vifo 31, wawili wakiwa Watanzania. Kichwa cha habari kinachosema "ugonjwa wa wakimbizi" kinamfanya mwenyeji anayeteka maji ziwa lilelile ajione salama.

Ving'ora na muziki wa msiba kwenye matangazo navyo vinafanya wagonjwa wafichwe ndani, familia ikiogopa kambi ya matibabu ya kipindupindu, wakati mtu anaweza kufa kwa kuishiwa maji ndani ya saa chache. Sekunde 60 zinatosha kusema ya maana. Dalili: kuhara majimaji kama maji ya mchele. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita 1 ya maji safi. Ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, bapa bila kurundika, kwenye lita ileile. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mgonjwa anyweshwe mkiwa njiani kwenda kituoni, msisubiri apate nafuu. Malizia kwa jina la kituo kilicho wazi. Maneno hayohayo mpeni mtendaji wa kijiji ayatangaze kwa kipaza sauti.

Admini, Ujiji
Sawa, lakini tukisubiri polisi kwa muda wa saa tatu, grupu limeshajaa klipu za ajali za nchi nyingine. Kukaa kimya nako kunaua.

Deski la Zamu, Kigoma Mjini
Kweli kabisa mkuu, usikae kimya. Sema unachojua: "Kuna taarifa za boti kupata ajali, tunathibitisha, tutarudi saa 8:30." Saa hiyo rudi, hata kama hakuna jipya. Grupu lifunge kwa muda, watume maadmini tu.

Tafuta vyanzo viwili visivyotegemeana, mfano mmoja mwaloni na mwingine hospitali. Wawili waliosoma ujumbe uleule wa WhatsApp ni chanzo kimoja. Klipu isimamishe, piga skrinishoti, itafute kwa Google Lens, kisha angalia vibao vya maduka na namba za magari. Mkikosea, kufuta kimyakimya hakutoshi, kwa sababu nakala zimeshasambaa. Taja namba iliyokosewa na iliyo sahihi, kwenye magrupu yaleyale na kwenye taarifa ya habari ya saa ileile iliyobeba kosa.