Mtoto wa miezi 7 mwenye spazimu: tungoje kortisoli kabla ya prednisoloni?

KlinikiKondele
Hamjambo wenzangu. Kuna mtoto hapa Kisumu, miezi 7, kilo 7. Ana spazimu, aina ya kifafa cha watoto wachanga: anajikunja ghafla, kichwa kinainama na mikono inaruka mbele, kisha anaachia. Inajirudia mara kumi na zaidi mfululizo, hasa akiamka usingizini. Ameacha kutabasamu. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) imeonyesha hipsaridhimia, yaani mawimbi yaliyovurugika kabisa. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, haijamsaidia. Tunataka kumwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi, lakini familia imeelezwa apimwe kwanza kortisoli (steroidi ya mwili wenyewe), ACTH (homoni inayoamsha kortisoli) na TSH (homoni inayoamsha tezi ya thairoidi) ili ijulikane kama dawa ya homoni itamkubali. Sampuli zinapelekwa Nairobi na majibu huchukua wiki nzima. Tungoje?

Watoto_Milimani
Msingoje, daktari. Hakuna kiwango cha kortisoli wala ACTH kilichothibitishwa kutabiri ni mtoto gani atapona. Inadhaniwa kwamba ACTH na steroidi hushusha CRH, homoni inayouchochea ubongo mchanga, lakini damu ya mkononi haikuonyeshi kinachotokea ndani ya ubongo. Kinachojulikana ni kwamba kila wiki ya kuchelewa inaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza baadaye.

Kwanza mvue nguo zote, mtazame ngozi mahali penye mwanga mzuri, na taa ya Wood (ya mwanga wa urujuanimno) ikiwepo. Mabaka meupe yanaashiria tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kurithi unaoota vivimbe kwenye ubongo na ngozi, na hapo vigabatrini, dawa nyingine ya kifafa, ndiyo hutangulia. Kama hana, anza prednisoloni 10 mg mara nne kwa siku: vidonge viwili vya 5 mg, visagwe, vichanganywe na maziwa kidogo. Spazimu zikiendelea hadi siku ya 7, panda hadi 20 mg mara tatu. Jumla ni siku 14.

Hapa ndipo mambo huharibika: mwenye duka la dawa anaona 40 mg kwa mtoto wa kilo 7, anashtuka, anakata hadi 2 mg kwa kilo, yaani 14 mg kwa siku. Baada ya wiki mbili inasemwa prednisoloni imeshindwa, kumbe dozi yenyewe haikutolewa. Andika kwenye cheti "dozi ya spazimu, isipunguzwe" na uache nambari ya simu.

Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2004, watoto 40 kati ya 55 waliopewa dawa za homoni (prednisoloni au ACTH ya kutengenezwa) hawakuwa na spazimu siku ya 13 na 14. Kwa vigabatrini walikuwa 28 kati ya 52. Jibu la dawa hii ni ndiyo au hapana. Spazimu zikipungua nusu, hajapona. Rudia EEG ikiwa na kipande cha usingizi, na kama hipsaridhimia ingalipo, ongeza vigabatrini, usirefushe steroidi. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, msimpe, inaweza kuzidisha spazimu.

SistaBusia
Niongeze ya wodini. Kabla ya dozi ya kwanza: presha kwa kifuko cha saizi ya mtoto mchanga (kifuko kidogo mno hutoa presha ya juu isiyo ya kweli), sukari, kipimo cha malaria, na muulize mama kama kuna mtu nyumbani anayekohoa au anatumia dawa za TB. Baada ya hapo presha na kijiti cha mkojo kuangalia sukari, mara mbili kwa wiki. Mama aambiwe mapema kwamba mtoto atavimba mashavu, atalia ovyo na atataka kunyonya kila saa. Asipojua hilo ataacha dawa siku ya tano.

Akipata homa ni kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu steroidi huficha dalili za maambukizi. Ila dawa isikatwe ghafla.

Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 isogezwe: angalau mwezi mmoja upite tangu dozi ya mwisho. Ile ya malaria haina kiini hai, kwa hiyo haina katazo hilo.

KlinikiKondele
Asanteni sana. Basi hivi vipimo vya homoni tuvifute kabisa?

Watoto_Milimani
TSH chukua sasa, kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu ukuaji umerudi nyuma. Lakini anza dawa bila kungoja jibu. Ukiipima katikati ya matibabu, steroidi huishusha nayo itakudanganya.

Kortisoli iweke mwishoni. Baada ya siku 14 shusha kila siku 5: akiwa kwenye 40 mg, nenda 30, 20, 10 kwa siku, kisha acha; akiwa kwenye 60 mg, nenda 40, 20, 10. Tezi za adrenali, zinazotengeneza kortisoli, zitakuwa zimelala. Damu itolewe asubuhi, saa 24 au zaidi tangu kidonge cha mwisho, maana mashine nyingi huisoma prednisoloni kama kortisoli na utapewa jibu zuri lisilo lake. Hadi ithibitishwe zimeamka, akitapika mfululizo, akilegea au akihitaji upasuaji, apewe papo hapo haidrokotisoni (kortisoli ya dawa) 25 mg kwa sindano. Liandikwe kwenye kitabu cha kliniki, ukurasa wa mbele, kwa wino mwekundu.