GPR au AEGD? Namaliza udaktari wa meno Marekani, naombeni ushauri

Wakuu, habari za humu. Niko mwaka wa mwisho hapa Marekani, mtihani wa INBDE (ule wa taifa wa madaktari wa meno) nimeshafaulu. Nataka mwaka mmoja wa rezidensi (mafunzo ya vitendo baada ya shahada) kabla ya kazi, ila nimekwama: GPR (udaktari wa meno wa jumla, hospitalini) au AEGD (wa jumla pia, ila zaidi kwenye kliniki)? Kuziba meno sina shida, lakini gego la mwisho lililolala likinijia natoka jasho. Mkopo wa shule nao unanisubiri. Mume wangu yuko kazini New York, ningependa tuwe huko.

Koleo: Dada, kama ni New York rezidensi huikwepi. Tangu 2007 anayeanza leseni huko anatakiwa awe na mwaka wa rezidensi, mtihani wa kutibu mgonjwa walishaufuta. Nenda GPR. Hospitalini utazungushwa idara ya dawa za usingizi na ya dharura, na zamu za usiku zipo. Unaitwa saa nane, mtu kavimba shavu mpaka jicho limefumba, mdomo haufunguki. Hapo unahangaikia njia ya hewa kwanza, jino baadaye. Utakomaa tu.

Bint Mzizima: Si kila GPR, mkuu. Hospitali ikiwa na rezidensi ya upasuaji wa kinywa, magego huweza kuishia kwao, wewe ukabaki kushika mrija wa kufyonza mate. Mie AEGD ilinipa vipandikizi na matibabu ya mizizi ya kutosha. Ongea na warezidenti waliopo, bosi wao akiwa hayupo: wiki hii magego kang'oa nani? Na uliza posho, maana kuna AEGD zinazokutoza ada.

Mwenye uzi: Ahsanteni. Kwenye Match (mfumo unaowapanga waombaji na programu kwa orodha za chaguo zao), nikiweka juu programu ngumu, si nitaipoteza ile inayonitaka?

Koleo: Hupotezi. Mfumo unaanza na chaguo lako la kwanza, ukikosa unashuka la pili na nafasi yako iko palepale. Panga unavyopenda kweli, ila usiandike mahali usipotaka kwenda, matokeo yanakufunga.

Bint Mzizima: Na kuna programu zisizo kwenye Match kabisa, zinaweza kutaka jibu kabla matokeo hayajatoka. Barua ya kukupendekeza mwombe mwalimu aliyesimama kitini kwako akaona mikono yako, cheo chake achana nacho. Fomu ya mkuu wa chuo kwa ajili ya ADEA PASS (mfumo wa kutuma maombi ya rezidensi) anza kuifuatilia sasa hivi, kwa katibu wake.