MREJESHO: Zile kamera za shambani zilizokuwa zinamaliza chaji usiku

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini kamera zangu 4 zisizo na waya, kwenye shamba la maparachichi huku Rungwe, zinazima kabla hakujakucha wakati sola ipo. Mliosema tatizo ni H.264, ule mfumo wa kubana video, mlikuwa sahihi kabisa. Inabana video vizuri mno, ila chipu yangu ndogo haina sehemu maalumu ya kazi hiyo, kwa hiyo prosesa inahangaika kulinganisha kila picha na iliyotangulia kutafuta nini kimesogea wapi, chaji inaisha hapo. Halafu paketi moja (kipande cha data kinachotumwa hewani) ikipotea, picha zinazofuata zinakuwa vibox vibox mpaka ije picha nzima nyingine.

Nimehamia JPEG, kila picha inajitegemea, fremu 2 kwa sekunde, na haitumi kitu mpaka kuwe na mabadiliko. Faili ni kubwa zaidi kweli, lakini redio ya kamera inayotuma picha inalala karibu usiku mzima. Jana alfajiri, ukungu ule wa kwetu, nimemuona mtu na kiroba safu ya tatu, hadi rangi ya koti, na betri ilikuwa bado asilimia 60!

Ile nadharia ya watafiti Wyner na Ziv ya 1976, inayowezesha kuhamishia mzigo wa kulinganisha picha kwa mpokeaji badala ya kamera, bado naisoma, naipenda sana. Asanteni mno.