Diski za mbele za Land Cruiser 100: kukereza au kununua mpya?

ngomo_kwenda_plaine
Wakubwa, jambo. Land Cruiser 100 ya mazutu (dizeli), moteri 1HD-FTE, ya 2003. Ikishuka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola, ukikanyaga freni kwenye 70 hivi volan (usukani) inatetemeka na pedali inapiga mguu. Plaketi (pedi za freni) za mbele si za zamani, ila gurudumu la kuume ile ya ndani imeliwa sana kuliko ya nje. Garaji wanasema diski imepinda, ikerezwe. Mnaonaje?

fundi_kadutu
Pima kwanza. Diski ya mbele ya 100 ikiwa mpya ina milimita 32, mwisho 30. Tumia mikromita, usipime kwa kalipa ya kupimia: diski iliyoliwa hubaki na ukingo pembeni, na meno ya kalipa hukaa juu ya ukingo huo. Unasoma 31, kumbe pale plaketi inapopita pamebaki 29. Pima sehemu nane kuzunguka. Tofauti ya sehemu chache tu za mia za milimita inatosha kupiga mguu. Hiyo "imepinda" ni lugha ya garaji; mara nyingi unene ndio haulingani, au plaketi ya moto imeacha madoa kwenye chuma.

Lakini jibu lako liko kwenye ile plaketi ya ndani. Etriye ya mbele, ile inayobana plaketi kwenye diski, ina pistoni nne, mbili kila upande, na yenyewe haitelezi. Pistoni za ndani zimekwama kwa kutu, hazirudi. Weka diski mpya bila kufungua etriye, itaharibika vilevile.

Kukereza? Ukiwa na 31,5 sawa. Ukiwa na 30,6, mkerezaji akiondoa 0,3 kila uso umebaki na 30 kamili: umelipia diski ya kutupa. Nunua, na ununue mbili.

kle_ya_54
Yaya fundi_kadutu amesema vizuri. Naongeza kazi yenyewe, maana diski ya mbele haichomoki hivihivi kama ya nyuma. Imefungwa kwa bolti nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo habu lazima itoke.

Toa etriye, uifunge kwa waya kwenye mkono wa juu, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya freni. Kisha toa kofia ya grisi, sirklipsi (pete ya kuzuia), halafu nati sita za flanji, kile kifuniko kinachozungusha habu. Washa zake za koni hung'ang'ania: rudisha nati kidogo zilinde uzi, ugonge vichwa vya stadi kwa fimbo ya shaba mpaka ziruke. Nati za beringi zinataka soketi ya 54. Anayezifungua kwa patasi na nyundo anaziharibu, na hataweza kuzikaza kwa kipimo tena.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya. Kipande cha kutu chembamba kama karatasi kikibaki pale, diski mpya itayumba pembeni, na volan itatetemeka tangu siku ya kwanza. Bolti za diski kwa habu kaza Nm 74 (nguvu ya kukaza), kwa msalaba. Sili mpya, grisi mpya. Nati ya ndani kaza 59 huku ukizungusha habu huku na huku, legeza, kaza tena polepole mpaka mchezo uishe. Ya nje 64, kunja washa. Etriye 123. Osha diski mafuta ya kiwandani kabla ya plaketi kuigusa.

ngomo_kwenda_plaine
Aksanti sana. Mafuta ya freni, dukani kuna DOT 4 tu, inafaa?

fundi_kadutu
Inafaa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia digrii 205, ikishanyonya maji 140; DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 ya silikoni usiguse. Kama 100 yako ina ile pampu ya umeme ya freni, zima kontakti (ufunguo wa gari), kanyaga pedali mara 40, ndipo usome kiwango cha mafuta. Ukijaza kabla, yatamwagika.

Kuzoesha plaketi: njia ya Kavumu asubuhi, kutoka 60 mpaka 15, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika katikati. Na Ngomo shuka kwa gia ya pili, kanyaga na kuachia. Ukifika chini usisimame na mguu juu ya pedali. Plaketi ya moto itaacha alama yake palepale.