Mjusi wa mtoto hali, anashinda amelala. Tunakosea wapi?

mama_wawili_leicester
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa. Mwanangu alililia mjusi mwaka mzima, wale wa Australia wenye ndevu za miiba, pogona, baba yake akalainika tukaenda dukani tukauziwa kifurushi kizima, boksi la kioo, mchanga, taa moja na lile jiwe la umeme linalopata joto. Kenyewe bado kadogo, na mkia wake hakafiki rula. Mwanzoni kalikuwa kanakimbiza nyenje vizuri tu, sasa hivi kamezubaa, kanashinda juu ya lile jiwe, chakula kanakitazama tu, koo linakuwa jeusi jeusi, na jana nimeona mguu wa nyuma unatetemeka. Choo sijakiona tangu Ijumaa. Nimepiga dukani wanasema ugeni tu katazoea. Boksi tumeliweka dirishani kapate jua, japo jua la huku Uingereza mnalijua, la kubahatisha. Kanakula nyenje, funza wakavu wa pakiti na spinachi. Mama yangu kaja kutembea kutoka Tanga hataki hata kuingia chumba hicho, anasema nimetoa hela kununua mjusi kafiri. Na msiniambie nikarudishe, dogo ataniliza na mimi.

mzee_wa_kenge
Pole mama. Ugeni gani huo wa kutetemesha mguu, huyo ana baridi na mifupa imeanza kuishiwa. Niko Birmingham nafuga hawa jamaa na maswali ya wanaoanza karibu yote chanzo chake kimoja, wanamfuga kama paka. Paka anajitengenezea joto mwenyewe, mjusi analitafuta nje. Asipolipata tumbo halisagi, hata akila chakula kinakaa tu humo, ndo maana choo hukioni na hamu ya kula hana.

Umewahi kuwaona wale wenye kichwa chekundu kwenye mawe ya Mwanza? Ni ukoo mmoja na pogona. Asubuhi yuko juu ya jiwe anaota, jua likikolea anateremka kivulini, jioni anapanda tena. Boksi lako limpe nafasi ya kufanya hivyohivyo, upande mmoja moto kweli, pale pa kuotea nyuzi 40 hivi, upande wa pili 25 mpaka 28, achague mwenyewe. Usiku zima kila kitu, mataa mekundu sijui ya bluu achana nayo, nyumba isiposhuka chini ya 18 hana neno. Na usikisie kwa mkono wala kile kipimo cha mshale cha kubandika kwenye kioo, nunua cha dijitali chenye waya, ncha iwe palepale anapolala. Balbu ya joto iunganishe na themostati, kile kifaa kinachoizuia isipitilize joto.

Jiwe la umeme litoe leo. Hawa wanazoea joto linalotoka juu, la chini linamuunguza tumbo na yeye wala hashtuki, ataendelea kulala hapohapo.

Dirisha nalo ni kosa. Kioo kinazuia UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na siku jua likiwaka kweli boksi linapata moto mpaka mjusi anafia humo. UVB ndo inamfanya atengeneze vitamini D3, bila D3 kalsiamu ya kwenye chakula haiingii mwilini, basi mwili unaichomoa kwenye mifupa. Unaanza kuona kutetemeka, kisha taya linalegea, miguu inapinda. Sasa hiyo taa yako moja ni ya joto au ya UVB? Angalia maandishi.

mama_wawili_leicester
Nimesoma, ya joto tu 😩 Jiwe nimeshalichomoa. Hiyo ya UVB ninunue ipi? Na je tumtafutie mwenzake labda ni upweke?

chapati_mbili
Upweke 😂😂 mama huyo sio mbuzi

mzee_wa_kenge
Mwenzake hapana kabisa, watagombania sehemu ya kuotea na mdogo ataishia kukaa baridi na kung'atwa vidole. UVB chukua tyubu ndefu ya asilimia 10 au 12, ifike angalau nusu ya boksi, upande uleule wa joto, pasiwe na kioo wala plastiki katikati, na umbali kati ya taa na mjusi fuata walioandika watengenezaji wa taa. Ibadilishe kila baada ya mwaka hivi hata kama bado inawaka, maana mwanga unabaki UVB imeshaisha.

sukuma_na_samaki
Kwenye chakula ngoja niingie mie. Mchanga ondoa, akidaka nyenje anameza na mchanga, na tumbo lenyewe ndo hilo halina joto, linaziba. Weka karatasi za jikoni au kigae tu. Spinachi ina oksaliki inayoikamata kalsiamu, kwa hiyo mnampa huku mnamnyang'anya. Sukuma wiki ndo mboga yake jamani, na boga la kukwaruza, kata ndogondogo. Parachichi usithubutu, ni sumu. Nyenje asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho yake, mtie kwenye mfuko na unga wa kalsiamu utikise, na kabla ya hapo nyenje wenyewe walishe karoti na majani maana mwenye njaa hana cha kumpa mjusi. Waliobaki usiwaache humo usiku, wanamng'ata akiwa amelala. Hawa wadogo wanakula zaidi wadudu, wakikua ndo mboga inazidi.

kobe_wa_tabata
Huku Dar mambo ni hayohayo kwa kobe, mtu anamweka barazani kwenye vigae, anampa mkate na ugali, kivuli hana, majani hana, anashangaa gamba linaota vilima. Halafu wengi wamewaokota tu porini. Wanyamapori wana sheria yake, Tanzania ya 2009 na Kenya ya 2013, bila kibali unaweza kulala ndani kwa ajili ya kobe.

mzee_wa_kenge
Kweli kabisa. Mama wa Leicester, taa ziwashe lakini huo mguu ni wa daktari wiki hii hii, na piga kwanza uulize kama anatibu mijusi maana wengi wamezoea mbwa na paka. Nenda na picha ya boksi na taa zote. Usimlazimishe kula kabla hajapata joto. Na watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, hawa wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, kibakuli chake kisioshwe sinki moja na vyombo.