Nasafiri kwenda Mombasa na mbwa msaidizi na kiti cha umeme, nianzie wapi?

Mwana_wa_Kisauni

Hamjambo nyote. Miaka yote nasoma humu kimyakimya, leo nimeshikwa na langu.

Naishi New Jersey. Huu ni mwaka wa sita tangu ajali ya gari iliyoniumiza uti wa mgongo. Kuanzia kifuani kwenda chini sina hisia, mikono ni mizima. Natumia kiti cha magurudumu cha umeme, na nina mbwa msaidizi, Labrador wa kilo 28. Waliomfunza walimpa jina Biscuit, kufika kwangu akawa Biskuti. Huyu hakufugwa kwa mapenzi tu. Simu ikianguka ananiokotea, mlango wa friji anauvuta kwa kamba, na usiku nikiteleza kitandani anabonyeza kitufe cha kuita watu.

Mdogo wangu anaoa Desemba. Sijakanyaga nyumbani tangu ajali. Mama kila nikimpigia ananiambia, "Wewe njoo tu mwanangu, tutakubeba." Huko kubebwa ndiko nisikokutaka.

Nimepigia mashirika mawili ya ndege. La kwanza likanijibu mbwa aingie tunduni, chini na masanduku. La pili likasema hakuna tabu, nikauliza karatasi gani zatakiwa, nikawekewa muziki dakika arubaini kisha simu ikakatika. Na kama hayo hayatoshi, shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba ya kufikia, amesema mbwa haingii ndani.

Aliyewahi kupita njia hii anishike mkono.

miguu_mirefu

Kilo 28 zikae mbele ya kiti cha daraja la kawaida? Mimi miguu yangu peke yake haitoshi pale.

Nyota_ya_Lowell

Dada, pole na hongera. Mume wangu ana mbwa wa kumshtua sukari inaposhuka, tumeshakwenda naye Nairobi mara mbili.

Huyo wa tunduni hajui kazi yake. Kwa ndege inayotoka au kuingia Marekani, kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya hapa, zile zilizoanza Januari 2021, zinampa mbwa aliyefunzwa kumhudumia mtu mwenye ulemavu haki ya kukaa na mwenyewe ndani, bila nauli. Walioondolewa ni wale wanyama wa kuliwaza moyo. Na afadhali, maana watu walipitiliza. 2018 hapo hapo kwenu Newark kuna mtu alitaka kupanda na tausi.

Shirika linaweza kukudai fomu mbili. Moja ya afya, tabia na mafunzo ya mbwa. Nyingine ni kwa safari ya saa nane au zaidi, unathibitisha kwamba hatajisaidia ndani, au akijisaidia hatamchafulia mtu. Zifike kwao saa 48 kabla ya safari. Na kweli, lazima atoshe kwenye nafasi ya miguu yako, hawezi kulala njiani. Omba safu ya mbele kabisa yenye ukuta, pale wa kwetu hujikunja kama mkate wa kumimina ndani ya sufuria.

Haya yote ni ya kwenda, na kwenda si kazi. Kazi iko kwenye kurudi. Kenya imo kwenye orodha ya CDC (shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa) ya nchi zenye kichaa cha mbwa kwa wingi, na tangu tarehe 1 Agosti 2024 masharti yamekaza. Mbwa awe na miezi sita au zaidi, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ujaze fomu ya CDC ya kumwingiza. Pia kuna cheti cha chanjo iliyotolewa Marekani: daktari wako anakijaza, kisha USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) wanakigonga muhuri KABLA hujaondoka Marekani. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukikikumbuka uko Mombasa, umechelewa; utahesabiwa na mbwa waliochanjwa ng'ambo, na hao wana njia yao: kipimo cha damu, kuweka nafasi kwenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, na viwanja vya kuingilia ni vichache.

Mara ya kwanza sisi tulikosea tarakimu moja ya chipu. Moja tu. Bahati nzuri daktari aliiona tukiwa bado hapa.

dokta_kwato

Hapo kwenye chipu niongeze. Marekani bado kuna mbwa wenye chipu za zamani za tarakimu tisa au kumi, na mashine nyingi za nje hazizisomi. Hakikisha ya Biskuti ni ya tarakimu 15, na iliwekwa kabla ya chanjo. Ukifika kaunta, shika makaratasi yote na usome namba kwa kidole, karatasi moja baada ya nyingine.

Upande wa Kenya unahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete, na cheti cha afya chenye muhuri wa USDA. Aliyeko Nairobi akufuatilie kibali mapema. Usingoje wiki ya mwisho, Desemba ofisi za serikali unazijua.

Na kupe, dada yangu! Mbwa aliyekulia New Jersey hajawahi kukutana na kupe wa Pwani. Aanze dawa kabla ya kupanda ndege. Na lami ya Mombasa saa saba mchana usimtembeze. Weka kiganja chako chini uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia wewe, naye hawezi.

Mbeba_Mizigo

Naona kila mtu anamhofia mbwa. Mimi nakihofia kiti.

Nimepakia ndege miaka tisa, siku hizi nafanya kazi nyingine. Mbwa ana macho, mwenyewe yuko kando yake, abiria wote wanamtazama. Kiti kinabaki peke yake na sisi, tuna dakika ishirini, na hakuna aliyetufundisha kinashikwaje. Kijana anaona kitu kina kilo mia na zaidi, anatafuta pa kushika, anashika mkono wa kuendeshea. Kraa! Kwisha.

Jambo la pili watu hawalijui. Ndege kubwa ya masafa, kiti kinaingia kikiwa kimesimama. Lakini Nairobi–Mombasa unawekwa kwenye ndege ndogo. Mlango wa mizigo wa Boeing 737 haufiki mita moja kwenda juu. Kiti chako kina mgongo wa kimo gani? Kama haukunji, watakilaza ubavu, na kilichokaa ubavuni ndicho kinachovunjika. Pima kiti kikiwa kimekunjwa, wape vipimo kwa maandishi wakati wa kukata tiketi.

Betri ni za aina gani? Za jeli zinaruhusiwa kubaki kwenye kiti, mradi umeme umekatwa na zimefungwa imara. Za lithiamu za kuchomoa zina kikomo: moja isiyozidi Wh 300 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri), au mbili zisizozidi Wh 160 kila moja, na ukizichomoa unaingia nazo ndani. Picha ya kibandiko cha betri iwe kwenye simu yako, utaulizwa.

Ng'oa kila kinachong'oka: mkono wa kuendeshea kama unachomoka, vikanyagio, kiegemeo cha kichwa. Tia begini, ingia nalo. Mto wa kiti usiwape kabisa, ukalie humo ndani ya ndege. Kisha andika karatasi kubwa, ifunike na plastiki, ifunge kwenye kiti. Iandike na kwa Kiswahili. Wanaokibeba ni sisi wenyewe: INUA HAPA. USISHIKE HAPA. GIA ZA KUSUKUMA KWA MKONO ZIKO HAPA.

Mwana_wa_Kisauni

Mbeba Mizigo, kakangu, umenitoa jasho. Ni za jeli, mbili. Mgongo haukunji wote. Kikivunjika wananilipa?

Nyota_ya_Lowell

Kwa safari za ndani ya Marekani fidia hufuata bei uliyonunulia kiti. Za kimataifa zinafuata Mkataba wa Montreal: kikomo ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) tangu tarehe 28 Desemba 2024, kama dola elfu mbili hivi. Kiti cha umeme kinauzwaje, wewe unajua. Uliza pale unapokabidhi kiti kuhusu tamko maalumu la thamani, ndilo linaloweza kukipandisha kikomo. Na kikiharibika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku saba tangu ukabidhiwe. Maneno ya mdomo kaunta hayahesabiki.

fimbo_nyeupe

Salaam kutoka Birmingham. Mimi sioni, nina mbwa kiongozi, nilikwenda naye Dar. Wa Uingereza wasichukue maelezo ya Marekani, sisi tuna yetu. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zilizokubaliwa, kwa hiyo mbwa anatakiwa kipimo cha damu cha kichaa, angalau siku 30 baada ya chanjo, kisome 0.5 IU/ml au zaidi. Kifanyike hapa kabla ya kuondoka. Ukikifanyia huko unangoja miezi mitatu ndipo arudi. Halafu dawa ya tegu anywe mbele ya daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza. Mimi nilimpata daktari Dar, tukapiga hesabu ya saa kama wapika futari.

Kwako dada nina moja. Ukikata tiketi sema neno WCHC. Ndiyo alama yao ya abiria asiyeweza kutembea kabisa, anayehitaji kufikishwa hadi kitini. Ukisema tu "natumia wilchea" watakuandikia WCHR, yaani wa kusukumwa hadi mlangoni, halafu kile kikiti chembamba cha kupita kati ya viti hakitakuwepo.

Na ukiweza epuka kubadilisha ndege nchi ya tatu, kila nchi ina masharti yake ya mbwa. Wewe una bahati, Kenya Airways wana ndege ya moja kwa moja New York–Nairobi tangu Oktoba 2018.

kijana_wa_Tandika

Yaani mbwa anapanda ndege na mimi hata boti ya Zenji sijapanda. Natoa machozi nikiendelea kusoma.

Bin_Seif

Wote mmemuacha shangazi. Mimi si sheikh, nimekaa madrasa tu kama nyie. Sisi wa Pwani tu Mashafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo shangazi hana roho mbaya, anailinda swala yake. Lakini mbwa mkavu akigusa kitu kikavu, najisi haihami. Na mbwa wa kazi si jambo geni, Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa.

Usiende kumbishia kwenye simu, dada. Mwombe mama akazungumze naye uso kwa uso. Mwambie mbwa atakuwa na busati lake, bakuli lake, na mahali pake, hatavuka kuingia chumba cha kuswalia wala jikoni. Mtu mzima ukimpa mpaka unaoonekana, anatulia.

Mwana_wa_Kisauni (mrejesho)

Nimerudi salama, niliwaahidi mrejesho.

Muhuri wa USDA niliupata siku kumi na moja kabla ya safari. Namba ya chipu niliisoma kwa kidole mara nne. Biskuti nilimpunguzia chakula kuanzia usiku wa kuamkia safari, nikambebea pedi, nikampitisha kwenye chumba cha mbwa uwanjani dakika za mwisho. Saa kumi na nne hewani, hakujisaidia. Alilala kidevu juu ya mguu wangu, ambao siusikii, nikajua yupo kwa kuona blanketi likipanda na kushuka. Nairobi, afisa wa mifugo alikisoma kibali, akaipitisha mashine shingoni, ikalia, akasema "karibu nyumbani." Sijui alikuwa akimwambia nani.

Neno la Mbeba Mizigo lilinikaa. Kiti cha umeme nilikiacha New Jersey! Nilifikiri wiki nzima. Nilikwenda na cha kusukuma kwa mkono, kinachokunjika, na mabega yangu yameteseka, sitawadanganya. Mchanga wa Kisauni ulinishinda siku ya kwanza, binamu zangu wakatandika mbao kutoka lango hadi barazani. Na hata hicho cha kukunja, ndege ya ndani walikirudisha kikanyagio cha kulia kimepinda. Niliandika malalamiko siku ile ile, fundi wa baiskeli Kongowea akakinyoosha kwa shilingi mia tatu, risiti ninayo.

WCHC niliitaja. Kikiti chembamba kilikuwepo Nairobi kwenda na kurudi. Mombasa hakikuwepo, nikabebwa. Mama alikuwa akitazama kutoka ng'ambo ya kioo.

Bin_Seif

Alhamdulillahi. Na shangazi?

Mwana_wa_Kisauni

Busati lilikuwa barazani, Biskuti hakuvuka kizingiti wiki tatu zote. Usiku nililala chumba cha uani chenye mlango wa nje, naye pamoja nami. Shangazi hajamwita kwa jina hata leo. Jana kanipigia, kaniuliza habari za safari, za baridi, za mabega, kisha akanyamaza kidogo. "Na yule wako, amekunywa maji?"